Mtaa mzima mafundi, mwenye testa hakuna

Jamani huku Sinza kila mtu fundi. Kitu chako kikiharibika tu watu wanatokea, sijui huwa wanatokea wapi, na jibu lao ni moja: BETRI HIYO.

Gari la rimoti la mwanangu, lile mjomba wake alimletea toka Dubai, limegoma kutembea. Ukiwasha taa inawaka, ukizungusha usukani matairi ya mbele yanakata kushoto yanakata kulia safi kabisa, ukivuta triga, kimyaaa. Linabaki pale linageuzageuza shingo kama konda anaita Posta Posta na gari lenyewe halina dereva.

Shemeji akaja, akaligeuza juu chini, akalinusa, akasema betri. Bodaboda wa pale kona, betri. Mama mwenye nyumba, ambaye taa ya ngazini kwake haijawahi kuwaka toka tuhamie, naye kachungulia dirishani, "Baba Junior, hiyo si betri hiyo?" Sasa nyie, kama betri imekufa hayo matairi yanakata kona kwa dua? Kile kidude kinachokaa katikati ya betri na mota, spidi kontrola, ndo hicho hicho kinachoshusha umeme kikampa risiva, ile inayopokea amri za rimoti, na sevo, kimota kinachogeuza usukani, volti 5 au 6 hivi. Usukani ukicheza ujue betri inatoa, risiva inasikia, na upande huo wa kontrola mzima. Ila waeleze hivyo uone, unaambiwa unaringa.

Basi nikaazima testa ya kupimia volti kwa fundi simu, akataka niache simu yangu bondi, simu yenyewe kaitengeneza yeye na spika bado inakoroma. Napima betri, ya lithiamu ya seli mbili ile, volti 8 na ushee, na ikijaa huwa 8.4, kwa hiyo haina kesi. Nikabadilishana plagi kwenye risiva, ya sevo nikaichomeka tundu la triga, ya kontrola tundu la usukani ili umeme usikatike, navuta triga, sevo inacheza, maana yake amri inafika. Mota ni ya brashi, ya waya mbili, nikaichomoa kwenye kontrola, nikanyanyua gari juu, waya nikazigusisha kwenye betri moja kwa moja, ikalia ngiiiii paka wa jirani akapanda ukutani na mpaka magharibi hajashuka. (Zile za waya tatu zisizo na brashi msijaribu hivyo, mtaunguza kitu.) Nikarudisha plagi, nikaseti kontrola upya na rimoti, triga mbele mpaka mwisho, nyuma mpaka mwisho, ikarudi katikati, kontrola ikaitika kwa kukonyeza taa yake kwa adabu zote halafu kazi haifanyi, sawa na vijana fulani nawajua. Testa kwenye waya zake za kwenda kwa mota, triga imevutwa yote: sifuri. Nafungua kava, harufu ya kuungua hiyooo, mosifeti moja, kile kiswichi kinachopitisha umeme wa mota, imetoboka kabisa.

Nikamwita shemeji makusudi aje aone lile tundu. Akaliangalia weee, akashika kidevu, "Itakuwa betri ndo imeiunguza."

Sikumjibu. Dada yake alikuwa amekaa hapo.

Nikaenda Kariakoo, jua kali, daladala nimesimamia mguu mmoja, wa pili sijui ulikuwa umekanyagwa na nani. Nazunguka maduka, wengi wanakuonesha gari zima la kuchezea la plastiki, hawana habari ya vipuri. Mmoja akasema anayo, akapotea stoo, akarudi na kontrola ina waya tatu za mota. Namwambia kaka, hii ya mota isiyo na brashi, yangu ya waya mbili, haziingiliani hata kidogo. Akanitazama kwa huruma, akashusha sauti kama ananipa siri ya familia:

"Bro, huo wa tatu si unaufunga tu na seloteipu."