Usukani au Kiti cha Dirishani: Nani Aendeshe Kwenye Safari ya Mandhari?

Gari likienda kilomita 80 kwa saa, hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akigeuka kutazama bonde kwa sekunde mbili tu, ameshapita mita 44 bila kuiona barabara. Kwenye njia iliyochongwa ubavuni mwa mlima, kona nzima huweza kuanza na kuisha ndani ya mita hizo. Ndiyo maana katika gari linalopita kwenye mandhari ya kupendeza, dereva, kama anaendesha inavyopaswa, ndiye anayeona machache kuliko wote waliomo.

Jambo hilo lilistahili kutangulia katika mjadala wa kujiendesha au kujiunga na ziara ya kuongozwa. Badala yake, mjadala huanzia kwenye uhuru, ukahamia kwenye gharama, ukaishia kwenye tabia ya mtu: huyu anapenda kujitegemea, yule anapenda kuhudumiwa. Kwa maoni yetu, tabia haina uzito mkubwa hapa. Swali liulizwe kwa kila kipande cha barabara, maana kipande kimoja hufaa kuendeshwa na msafiri mwenyewe, na kinachofuata, siku hiyo hiyo pengine, kinadai mtu anayekijua.

Tuanze na nguvu halisi ya kujiendesha, ambayo ni saa na mwanga. Basi la ziara huzunguka kwanza hotelini kukusanya abiria, kisha hufika kwenye vituo vyake vikuu kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Huo ndio muda ambao jua liko juu, vivuli vimefupika, milima inaonekana bapa, na mabasi mengine yote yamefika. Mwenye gari lake anaweza kuwa pale alfajiri, akaondoka wakati basi la kwanza linapiga breki. Tofauti hiyo haifidiwi na maelezo ya mwongozaji, hata awe hodari vipi.

Halafu kuna hesabu ya mlango. Basi la abiria 48 lenye mlango mmoja, kila abiria akitumia sekunde tano kushuka, linahitaji dakika nne ili liwe tupu na nne nyingine kujaa. Kituo cha dakika 20 kimebaki dakika 12, na hapo hatujagusa foleni ya choo. Gari dogo la abiria wanane hadi 16 halina tatizo hilo. Kwa hiyo anayelinganisha ziara asiangalie orodha ya vituo peke yake. Aangalie pia idadi ya viti.

Lakini uhuru wa kusimama popote ni mdogo kuliko unavyodhaniwa. Barabara nyingi za milimani na za kando ya bahari hazina bega la kuegeshea. Ile ya kwenda Hāna, kisiwani Maui huko Hawaii, ina kona zaidi ya 600 na madaraja zaidi ya 50, mengi yakiwa ya kupita gari moja kwa wakati. Anayesimama ovyo pale kupiga picha anaziba njia ya wakazi na ya gari la wagonjwa. Maegesho rasmi nayo hujaa mapema, na anayejiendesha hujikuta amepita mahali alipopatamani kwa sababu tu hapakuwa na nafasi, wakati basi lina sehemu yake iliyotengwa.

Kosa la pili la wanaojiendesha ni muda. Programu ya ramani inakupa muda wa gari lisilosimama. Kwenye barabara ya kona, kadiria wastani wa kilomita 50 kwa saa, kisha ongeza dakika 20 kwa kila kituo. Chukua Great Ocean Road ya Australia, yenye urefu wa kilomita 240 hivi: kuendesha tu ni karibu saa tano, na vituo vinane vinaongeza saa mbili na dakika 40. Hiyo ni siku nzima, na bado kuna kurudi. Sheria za Umoja wa Ulaya humzuia dereva wa basi la watalii kuendesha zaidi ya saa tisa kwa siku (kumi, mara mbili tu kwa wiki), na humlazimu kupumzika dakika 45 baada ya kila saa nne na nusu za usukani. Mwenye gari la kukodi hana wa kumzuia. Ni busara ajiwekee kikomo kikali zaidi: saa tano za usukani kwa siku, na mapumziko ya robo saa kila baada ya saa mbili.

Jambo linalosahaulika kabisa ni uelekeo. Kwenye barabara ya pwani, chagua mwelekeo utakaokuweka kwenye njia iliyo karibu na maji. Australia huendesha kushoto, kwa hiyo ukitoka Torquay, inapoanzia Great Ocean Road, kuelekea magharibi bahari iko upande wako, na unaingia kwenye maegesho ya kutazamia bila kukatiza magari yanayokuja. Barabara namba 1 ya California ni ya kuendesha kulia. Hapo shuka kutoka kaskazini kwenda kusini. Ila anayeogopa urefu wa magenge afanye kinyume chake, apite upande wa ndani. Kwenye basi, uliza mapema upande wa kukaa, kisha kumbuka kwamba kiti cha basi kiko juu ya vyuma vya kando ya barabara, ambavyo kwenye gari dogo mara nyingi hukata mandhari katikati ya dirisha.

Milimani ndiko pa kupapima kwa makini zaidi, na kinachowashinda watu ni kushuka. Anayekanyaga breki mfululizo kilomita kumi za mteremko huzichemsha. Mafuta ya breki yaliyozeeka huwa yamenyonya unyevu, hivyo huchemka mapema. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubanika, na pedali huzama hadi chini bila gari kushikwa. Dalili hutangulia: harufu ya kuungua, kisha pedali kuwa laini. Dawa ni kushuka kwa gia ile ile ambayo ungeitumia kupanda, ya pili au ya tatu, na kwa gari la otomatiki kuchagua L au 2 (alama za gia za chini) au gia za kuchagua kwa mkono. Breki igongwe kwa nguvu kidogo na kuachiwa, isishikiliwe. Zikishapata moto, simama mahali salama nusu saa zipoe zenyewe. Ukizimwagia maji, diski zinaweza kupinda au kupasuka. Gari la umeme hujishika vizuri kwa kurudisha chaji kwenye betri, ila betri ikiwa imejaa kabisa chaji hiyo haina pa kwenda. Kwa hiyo usiijaze kileleni.

Kupanda nako kuna gharama yake. Injini ya petroli isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Njia ya Stelvio, Italia, hufika mita 2,757, na upande wa Prato una kona 48 zinazomgeuza dereva kuelekea alikotoka. Gari dogo lenye watu wanne na mizigo limepoteza zaidi ya robo ya nguvu zake huko juu. Tena njia hiyo hufungwa majira ya baridi, kama nyingi za aina yake, na anayejiendesha lazima aangalie taarifa ya mamlaka ya barabara asubuhi ya safari. Anayeongozwa anaachia kazi hiyo kampuni.

Kwa mtu aliyezoea kuendesha upande mmoja na sasa anatakiwa kuendesha mwingine, hatari haiko sana mjini. Mjini magari ya mbele yanamwonyesha njia. Hatari ni pale anapotoka kwenye kituo cha kutazamia, barabara ikiwa tupu, akili bado iko kwenye maporomoko ya maji, na mkono unamrudisha upande wa nyumbani. Safari ya mandhari ina nyakati kama hizo kumi kwa siku. Kinga iliyo rahisi ni hii: kiti cha dereva kikae daima upande wa mstari wa katikati ya barabara, na abiria wa mbele aseme upande kwa sauti kila mara gari linapoondoka.

Mkataba wa gari la kukodi usomwe kabla ya siku ya kulichukua. Maneno "bima kamili" mara nyingi hayagusi matairi, kioo cha mbele wala uvungu wa gari, na hizo ndizo sehemu zinazoumia kwenye changarawe. Kuna pia kiasi cha hasara unachobeba mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa, na dhamana inayozuiwa kwenye kadi, ambayo lazima iwe na nafasi ya kutosha. Uliza kuhusu dereva wa pili, ada ya dereva kijana, kuvuka mpaka, na kurudisha gari mji mwingine. Rekodi video ya mwili mzima, rimu, kioo, dashibodi yenye kipimo cha mafuta, na hakikisha tairi la akiba, jeki na spana vimo, kwa kuwa magari mengi siku hizi hupewa chupa ya dawa ya kuziba tairi tu, isiyosaidia chochote tairi likichanika ubavuni.

Leseni nayo. Kibali cha kimataifa cha kuendesha gari, kile cha mkataba wa Geneva wa 1949, hudumu mwaka mmoja. Cha mkataba wa Vienna wa 1968 huweza kufika miaka mitatu. Si kila nchi hukubali vyote: Japani hukubali kile cha 1949 pekee. Kibali hutolewa nchi iliyokupa leseni, na hakina maana bila leseni yenyewe. Ajali ikitokea huku kibali si sahihi, bima nayo inaweza kukataa kulipa.

Kuna mahali sheria imeshaamua. Katika hifadhi ya Denali, Alaska, barabara ina kilomita 148, lakini majira ya kiangazi magari binafsi huishia kilomita 24 za mwanzo. Zaidi ya hapo ni basi. Kwenye bonde la Zion, Utah, magari binafsi huzuiwa msimu wa mabasi ya hifadhi. Iceland inataka gari linalovuta kwa magurudumu yote manne kwenye barabara zake za nyanda za juu, zile zenye herufi F, na madhara ya maji wakati wa kuvuka mto kwa kawaida hayalipwi na bima ya gari la kukodi.

Hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, inaonyesha mizani yote miwili. Kujiendesha kunaruhusiwa, kilomita 50 kwa saa kwenye lami na 40 kwenye changarawe, na anayejiendesha anaweza kukaa saa mbili kwenye bwawa moja akisubiri tembo. Gari la mwongozaji ni refu, liko wazi, lina redio ya kupashana habari, na macho ya mwongozaji huona chui mahali mgeni anapoona matawi. Usiku, malango yakishafungwa, ni magari ya kuongozwa tu yanayotoka kambini. Walakini redio hiyo hiyo hukusanya magari kumi kwa simba mmoja, na ziara inayomkimbilia mnyama mkubwa hupita wadogo wengi bila kuwatazama.

Ziara nazo zina kasoro zinazojulikana, na maswali machache huziibua kabla ya kulipa. Kati ya saa zilizotangazwa, ngapi ni za ndani ya gari na ngapi ni za miguuni? Idadi ya juu ya kundi ni ngapi? Je, dereva ndiye pia mwongozaji? Anayesimulia kwenye maikrofoni huku akikata kona amegawanya akili yake kama yule mtalii wa sekunde mbili, ingawa angalau njia anaijua. Vituo vya madukani ni vingapi na vya muda gani? Ziara inahitaji watu wangapi ili iondoke, na wakipungua unarudishiwa fedha au unabadilishiwa siku? Kampuni inayojibu kwa mafungu, kila swali kwa jibu lake, inastahili kuaminiwa kuliko inayotuma tena tangazo lile lile.

Gharama tunaipitia haraka, kwa kuwa ni hesabu. Ziara hulipwa kwa kichwa. Gari hulipwa kwa siku. Jumlisha kodi, bima ya nyongeza, mafuta (kwa lita 8 kila kilomita 100, safari ya kilomita 300 ni lita 24), maegesho na ushuru wa barabara, kisha gawa kwa watu. Msafiri mmoja mara nyingi huona ziara ni nafuu, na wanne huona gari ni nafuu. Wawili ndio wanaopaswa kukaa na kalamu, wakikumbuka kwamba mmoja wao atakuwa amelipa nauli ya kutazama lami.

Ndiyo maana mpango wa kuchanganya unatupendeza kuliko mingine. Barabara namba 1 inayozunguka Iceland ina takriban kilomita 1,300 na sehemu kubwa ni lami. Kiangazi gari dogo linaimudu, tena hapo uhuru wa kusimama una thamani kweli. Nyanda za juu na matembezi juu ya barafu waachie wenye magari marefu na vifaa. Na siku ya kwanza baada ya kushuka kwenye ndege ya usiku, usichukue gari. Nunua kiti kwenye ziara ya siku hiyo, tazama dereva anavyopishana kwenye madaraja membamba, na gari la kukodi ulichukue kesho yake asubuhi ukiwa umelala.