Arp 220: vumbi limepata moto, lakini moto wa nani?

Mwaka 1983 setilaiti ya IRAS, kazi ya pamoja ya Marekani, Uholanzi na Uingereza, ilipima infraredi ya angani, yaani mnururisho wa joto usioonekana kwa macho, na kukuta jambo zito. Arp 220, galaksi iliyo umbali wa takriban miaka nuru milioni 250, inatoa nishati kupita majua trilioni moja, na karibu yote hutoka kama infraredi. Kwa macho ya darubini za kawaida kitovu chake ni giza la vumbi.

Ugomvi ulianzia hapo: ni nini kinachopasha vumbi hilo? Vumbi humeza mwanga wa nyota changa, likapata moto, likautoa upya kama infraredi. Tatizo ni kwamba shimo jeusi, kitu chenye mvuto mkali ambao hata mwanga hauponyoki, linapomeza gesi hulipasha vumbi vilevile. Ni kama kugusa ukuta wa jiko lililofunikwa: joto unalipata, lakini kama ndani ni kuni au mkaa, ukuta hausemi.

Wanaotetea nyota wana ushahidi ninaouheshimu sana. Mawimbi ya redio hupenya vumbi, na mwaka 1998 watafiti walitangaza nukta zaidi ya 10 za redio ndani ya Arp 220, ambazo ni supanova, yaani milipuko ya nyota kubwa zinapokufa. Nyota kubwa huishi miaka milioni chache tu. Zikilipuka nyingi mahali pamoja, basi zilizaliwa nyingi si zamani. Mwaka huohuo vipimo vya setilaiti ya ISO vilionyesha kuwa galaksi nyingi za aina hii huendeshwa zaidi na nyota.

Upande wa shimo jeusi nao haujashindwa. Alama yake mojawapo ni gesi ya neoni iliyonyang'anywa elektroni nne, kazi inayohitaji mnururisho mkali kuliko wa nyota za kawaida. Katika Arp 220 alama hiyo haijajitokeza wazi. Lakini galaksi hii ina viini viwili, na kile cha magharibi kimezikwa kwenye vumbi zito kiasi kwamba hata infraredi hukwama humo. Kutoona huko si kuthibitisha kwamba hakuna kitu.

Mimi naegemea nyota, kwa sababu supanova zinahesabika. Ninachokikataa ni desturi ya kuchukua infraredi yote na kuigeuza moja kwa moja kuwa idadi ya nyota zinazozaliwa kwa mwaka. Kwa kitovu kilichofungwa hivi, hesabu hiyo naisoma kama kikomo cha juu.