Glen Powell aachane na muvi za mapenzi?

Twisters, muvi ya vimbunga, ilipofika mwisho, kwenye kibanda umiza kimoja hapa Mwanga, Kigoma, hakuna aliyegusa karanga zake. Steringi, Mmarekani Glen Powell, kamfuata binti mpaka uwanja wa ndege, wanatazamana, muvi ikaisha. Busu hakuna. "Turudishieni mia tano zetu!" akafoka jamaa wa benchi la nyuma. Ni watu walewale ambao busu likitokea kweli, na mzee yumo ndani, wote wanakagua kandambili zao.

Busu lile lilirekodiwa, likakatwa kabla muvi haijatoka 2024. Mimi naona walifanya vizuri. Binti alikuja kufukuza vimbunga, hakuja kutafuta mchumba. Ila zile kelele zinaonyesha Glen Powell sasa watu wanamdai nini.

Anaitwa chipukizi, ingawa kazaliwa Texas mwaka 1988 na anaigiza tangu utotoni. Kilichompaisha kwenye muvi za mapenzi ni Anyone But You ya Desemba 2023, akiigiza na Sydney Sweeney: iligharimu kama dola milioni 25, ikaingiza zaidi ya milioni 200, wakati muvi za aina hiyo zilikuwa zimeshahamia kwenye simu. Wanaotaka abaki huko wana hoja. Tena wanaongeza The Running Man ya 2025, ya kukimbizana na kuuana: ilitengenezwa kwa zaidi ya dola milioni 100, na ukumbini haikurudisha hata hizo. Hapo siwafuati. Muvi huanguka kwa sababu nyingi, na kukosa mapenzi sidhani kama ndiyo kubwa.

Wanaotaka atoke humtaja mwigizaji Matthew McConaughey, naye wa Texas. Alichoka kuwa bwana wa mapenzi, na kwa maelezo yake mwenyewe alikataa dola milioni 14.5 za kichekesho kimoja, akakaa muda mrefu bila kazi. Mwaka 2014 akabeba Oscar.

Mfano mzuri, lakini McConaughey alikuwa anakimbia kurudia mtu yuleyule. Powell bado hajafika huko. Kwenye Hit Man, aliyoiandika pamoja na mwongozaji Richard Linklater, ni mwalimu wa chuo anayewasaidia polisi kwa kujifanya muuaji wa kukodiwa. Mwanamke anampenda yule muuaji wa bandia, na mwalimu, taratibu, anaanza kumpenda pia huyo mtu aliyemtunga. Ukitoa mapenzi, hadithi haipo. Kwenye Anyone But You, kusema kweli, nilikiona kifua chake kuliko nilivyomwona yeye.

Kwa hiyo swali la abaki au atoke silioni kama ndilo lenyewe. Aandike tena.

Wiki iliyofuata ubao wa pale kibandani uliandikwa kwa chaki: HIT MAN, SAA 2 USIKU. Yule jamaa wa nyuma alifika mapema, ila kabla ya kutoa mia tano yake akamwinamia mwenye kibanda: "Hii wanamalizia?"