Kiasi kidogo si hoja, waulizeni tumbusi

Nimesoma makala kuhusu mabaki ya dawa mitoni: mwandishi anasema yanayopimwa ni ya nanogramu tu, yaani sehemu za bilioni za gramu, kwa hiyo tusitishane. Mimi nina duka la dawa, na diklofenaki, dawa ya maumivu, naiuza kila siku: mgongo, magoti, jino. Ndiyo hiyo hiyo iliyowamaliza tumbusi wa India, Pakistan na Nepal.

Ng'ombe alichomwa sindano ya diklofenaki, akafa, tumbusi wakala mzoga. Figo zao zikagoma, asidi ya yuriki, taka ambayo figo hutoa mwilini, ikaganda juu ya ini na moyo kama vumbi la chaki. Sababu ilijulikana mwaka 2004, wakati huo spishi tatu zilishapungua kwa zaidi ya asilimia 95. Mizoga ikabaki, mbwa wa mitaani wakaongezeka. Diklofenaki ya mifugo ikapigwa marufuku 2006, lakini watu wakawachoma ng'ombe ile ya binadamu ya chupa kubwa, hadi India ikaamua 2015 chupa hizo zisizidi mililita 3. (Meloksikamu, dawa nyingine ya maumivu, haiwadhuru ndege hao.)

Najua, mzoga si mto, na dozi ya sindano si nanogramu. Lakini nani alimpima tumbusi kabla ya dawa kuingia sokoni? Hakuna. Na mabwawa yetu ya majitaka yalijengwa kupambana na kinyesi na vijidudu, si vidonge. Wateja wangu huniuliza dawa iliyokwisha muda watupe wapi. Wengi humwaga chooni, na sina pa kuwaelekeza.