Kompyuta ya ghala inajua, mkulima wetu ndiye wa mwisho kujua

Ghala la matunda na mboga ninalofanyia kazi huku ughaibuni lina mkanda unaopitisha nyanya chini ya kamera. Kila nyanya inapigwa picha ikibingirika, na yenye jeraha inarushwa pembeni kwa pumzi ya hewa kabla mimi sijaliona hilo jeraha. Napenda kuutazama, sioni haya kusema. Lakini kinachoniuma roho ni oda za asubuhi. Zinapangwa na akili mnemba iliyosoma mauzo ya miaka iliyopita, sikukuu na utabiri wa hali ya hewa: duka hili ongeza, lile punguza, mwisho wa juma kutakuwa na joto. Mkulima wa huku anapata fununu ya soko kabla hajavuna.

Wetu analijua soko akishashusha mzigo. Anakuta malori yamejipanga, kila mtu kalima zao lile lile kwa kuwa msimu uliopita lililipa, na dalali anataja bei huku anaangalia pembeni. Anajua nyanya hazirudi shambani. Mnalijua hilo kama ninavyolijua.

Sasa wataanza: kapanda ndege, leo anatufundisha kilimo. Jamani, sijasema huku ni peponi. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Hakuna kompyuta ya ghala inayomzuia mtu kununua mboga akaziacha zioze kwenye friji, na huku nayaona mapipa yalivyojaa. Ila wao wanatupa walichokwisha kukilipia. FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, nayo inakadiria kuwa takriban asilimia 13 ya chakula cha dunia hupotea baada ya mavuno, kabla ya kufika kwa muuzaji wa rejareja. Hasara ya namna hiyo kwetu anaibeba aliyelima, peke yake.

Mwingine ataniuliza: umeme wenyewe wa kubahatisha, akili mnemba ya nini? Basi aitazame Nuru, programu ya PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State iliyoandaliwa pamoja na watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto. Unaelekeza simu kwenye jani la muhogo, inakwambia kama ni ugonjwa wa batobato au wa michirizi ya kahawia, hata pasipo intaneti. Na pesa kwa simu tuliwatangulia wengi wa hawa ninaoishi nao. Kwa hiyo msiniambie watu wetu hawawezi.

Kinachonichosha ni kuona zana zikianza kwa mnunuzi. Programu inayomwonyesha mnunuzi mahali mzigo ulikojaa, bila kumwambia mkulima nini kinatafutwa na wapi, inampa dalali darubini. Halafu kuna suala la mizani, ambalo hakuna anayetaka kuligusa. Huku kila kreti ilipimwa na kuandikwa miaka mingi kabla akili mnemba haijaingia ghalani, ndiyo maana ilikuta cha kusoma. Sisi tunauza lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo chake. Mashine ikifundishwa kwa lumbesa itatabiri lumbesa, hata ingegharimu kiasi gani.

Kwa hiyo ninachodai ni kidogo na kinawezekana: soko lipime kwa kilo, liandike bei na kiasi kilichoingia kila siku, na takwimu hizo ziwe wazi kwa yeyote, si mali ya kampuni iliyoleta vifaa. Utabiri utakaotokana nazo umfikie mkulima kwa ujumbe mfupi kabla hajanunua mbegu. Ukimfikia siku ya kuvuna, umechelewa msimu mzima.

Na wewe unayesema wakulima hawataelewa takwimu, kaa na mzee yeyote aliyelima maisha yake yote. Atakutajia mwaka ambao mvua ziliwahi, mwaka ambao wadudu walikula kila kitu, na bei ilivyokwenda baada ya hapo. Ni nani amewahi kumfuata aandike anayoyasema?