Mjomba Mtu na Pasipoti ya Kwenda Tanga

Huku kwetu Mtongwe, Mombasa, huwezi kupiga picha ya pasipoti kimyakimya. Hilo mlijue mapema. Kukopa waweza ukakopa kwa siri. Kuoa mke wa pili waweza pia, watu wasijue mpaka mtoto aanze kutambaa. Lakini kaa kwenye kile kistuli cha mpiga picha, vua kofia, kodoa macho, na kabla hujafika nyumbani mkeo ashaulizwa: "Mumeo yuaenda Saudia lini?"

Mimi siendi Saudia. Naenda Tanga. Mpwa wangu, binti wa dadangu, aolewa Tanga, na mimi ndiye mjomba mtu. Kwetu harusi yaweza kukosa biriani ikasameheka, si mjomba. Kutoka hapa hadi Lunga Lunga ni mwendo wa asubuhi moja, na ukishavuka mpaka, upande wa Horohoro, ni wale wale: shangazi, binamu, watu tunaozikana. Wadigo tumejipanga kuanzia Likoni mpaka Tanga, halafu mwaka 1886 Mwingereza na Mjerumani wakakaa mezani huko kwao wakapiga mstari kutoka mdomo wa mto Umba mpaka Ziwa Viktoria. Walipofika Kilimanjaro mstari wakaupinda, mlima wote ukabaki upande mmoja. Mlima waliuonea haya. Shangazi yangu hakuna aliyemwonea haya.

Na hapa ndipo nachoka. Mkenya akienda Uganda aonyesha kitambulisho tu, na Rwanda vivyo hivyo. Mimi Kampala sina hata wa kuniazima chumvi. Tanga, ambako nina makaburi, nadaiwa kitabu. Na msiniambie habari za ile hati ya muda ya kuvukia mpaka, naijua. Ni karatasi. Mjomba mtu hawezi kukaa mbele ya wakwe na hati ya muda mfukoni, kama mtu aliyetolewa rumande kwa dhamana.

Basi, picha. Mpiga picha wetu ana pazia moja. Limechorwa Fort Jesus, maporomoko ya maji, na ndege yatua katikati. Nikamwambia nataka ya pasipoti, nyuma kuwe kweupe. Akaingia ndani akatoka na shuka ya mkewe. Nyeupe, sawa, ila ina maua ya waridi pembeni. "Hayataonekana," asema. Nikavua kofia, na hapo likatokea jambo ambalo mke wangu pekee alikuwa akilijua: chini ya kofia mimi nina rangi nyingine. Miaka yote hii jua la Mtongwe limekuwa likipiga kuanzia nyusi kushuka chini. Juu nimebaki mtoto mchanga. Picha ilipotoka ilikuwa na watu wawili, mmoja amembeba mwenziwe kichwani.

Jioni ile muuza duka, ambaye amekuwa akiniandika kwenye daftari bila neno, alikuja nalo mpaka barazani kwangu. Salamu, vipi watoto, vipi mvua, kisha daftari. "Si kwamba sikuamini," asema, "lakini Uarabuni ni mbali." Nikamwapia ni Tanga. Akatabasamu vile mtu atabasamuvyo akidanganywa na mtu anayempenda. Nyuma yake wakafuata wenye maagizo. Huyu ataka abaya yenye mawe kifuani. Huyu ataka udi, lakini si ule wa kawaida. Jirani ataka maji ya zamzam, chupa kubwa. Nikawaambia: jamani, Tanga nitawaletea machungwa ya Muheza. Wakaguna. Machungwa yapo Kongowea.

Sasa njooni kwa mamangu.

Watu wa pasipoti wataka kopi ya kitambulisho cha mzazi. Aliyetunga sharti hilo hamjui mamangu. Kipande chake (hajapata kukiita kitambulisho, kwa kuwa babake alikivaa shingoni enzi za mkoloni, ndani ya kibati) kimefungwa kwenye kitambaa, kitambaa kimefungwa kwenye pindo la leso, leso iko chini ya godoro, na mama yuko juu ya godoro.

"Kipande changu wakitakia nini?"

"Nikatoe kopi, mama."

"Kopi ya nini?"

"Ya pasipoti."

"Pasipoti ni yako au ni yangu?"

"Ni yangu."

"Basi katoe kopi ya kipande chako."

Hapo ni kweli sikuwa na jawabu. Akanitazama kitambo, kisha akatoa lile lililokuwa moyoni: "Shamba hamliuzi mimi ningali hai."

Ukikaa pwani utamwelewa. Kuna watu huku wamelala chini ya minazi waliyopanda babu zao, wakaamka wakaambiwa minazi ina hati, na hati ina jina la mtu ambaye hawajapata kumwona akila hata dafu moja. Kwa mama, yeyote anayekuja na karatasi amekuja kwa shamba. Kwamba amenizaa mwenyewe hakunipunguzii kesi, pengine kwaniongezea. Nikamweleza harusi, mpwa, mpaka. "Tanga," asema, "sisi tulikuwa twaenda na kikapu."

Mwisho alikubali kwa sharti moja, kuwa kipande hakitoki peke yake. Nikawapandisha tuktuk wote wawili. Huko saiba, kwenye duka la kompyuta, mama akasimama juu ya kijana wa mashine mpaka kijana akaanza kutetemeka. Kopi ya kwanza ilitoka nyeusi, kijana akataka kuitupa. Mama akamdaka mkono, akaikunja akaitia kifuani. Hata nyeusi yaweza kuuza shamba. Babangu, Mungu amrehemu, walimtaka pia, nikawapelekea cheti chake cha kifo. Huyo ndiye jamaa yangu pekee ambaye hakunisumbua.

Mdhamini. Mtongwe nzima tuna mdhamini mmoja, mwalimu mstaafu aliyetufundisha sote, na hajaacha. Nilimpelekea fomu apige sahihi, akaenda kutafuta miwani na kalamu nyekundu. Aliisoma kwa sauti, barazani, watu wakisikiliza. Mwaka wangu wa kuzaliwa ukapata vicheko. Kazi yangu, "fundi wa mawe", akauliza kama sikuweza kuandika "mjenzi". Alipofika kwenye jina akasimama. "Hamisi? Hili ni neno la Kiarabu, lina kha." Akanisahihisha. Kwa kalamu nyekundu, kwenye fomu ya serikali. Ikabidi nirudi saiba nikaitoe nyingine.

Saiba nako kuna visa vyake. Maombi yajazwa mtandaoni, sharti uwe na barua pepe. Mimi nina barua moja tu, ya kudaiwa maji. Kijana akasema usijali mzee, akanitengenezea, akaweka na neno la siri. Likawa siri kwelikweli, kwa sababu alilijua yeye peke yake. Akaniuliza nataka kitabu cha kurasa ngapi: kuna 34, kuna 50, kuna 66. Nikamwambia mimi nataka kurasa mbili, ya kwenda na ya kurudi. Cha chini ni 34, shilingi 7,500. Kabla ya 2024 kilikuwa 4,500, lakini wakati huo mpwa wangu alikuwa bado hajaposwa, ningekitakia nini? Cha 66 ni 12,500. Hicho labda cha wenye shangazi nyingi. Na juu ya hiyo 7,500 kuna shilingi 50 ya mtandao. Hiyo 50 ndiyo iliyoniuma. Elfu saba zilipotoka zilitoka kwa heshima zake. Ile hamsini ilitoka kama iliyochomolewa mfukoni kwenye feri.

Nikarudi kuichapisha fomu upya, kijana hayupo. Neno la siri liko naye. Nampigia simu: "Mzee, nimekwenda mazishini." Wapi? "Tanga." Una pasipoti? Akacheka, akacheka sana, simu ikakatika. Mpaka leo sijui ni chaji iliisha au ni adabu.

Siku ya kupeleka fomu nilitoka na bahasha kifuani. Feri ya Likoni ni bure kwa mwenye kutembea kwa miguu, ndiyo maana kila mwenye miguu alikuwa ndani. Bahasha nikainyanyua juu ya kichwa isikunjwe. Nyuma yangu kuna mama asema, "Baba, shusha mkono, kwapa lako liko machoni mwangu." Nikishusha, kuna kuku kwenye kikapu. Nikapandisha. Nikavuka Kilindini hivyo, mkono juu, watu wa mbele wakidhani naaga.

Huko ofisini, msitake niwatajie jina, mlangoni kuna askari. Maafisa wako ndani, lakini mwenye serikali ni yule. Amekagua karatasi zangu moja moja kama ndiye atakayenipeleka Tanga. Akanirudisha nikanunue kalamu. Kalamu zauzwa hatua tatu kutoka pale alipo, na bei yake yaonyesha kuwa muuzaji na askari wala hawajasalimiana leo, wamesalimiana jana.

Ndani nikakutana na madam mmoja mpole. Upole wenyewe ndio uliniponza, ningepata mkali ningejua la kufanya. Akapanga karatasi mezani. "Mzee, kitambulisho chasema Hamisi. Cheti cha kuzaliwa chasema Hamis. Hapa kwa mdhamini kumeandikwa Khamis. Wewe ni nani hasa?"

"Mimi ni yule aliyezaliwa Alhamisi, madam."

Hakucheka. Akanielekeza kwa wakili nikaape. Nikaapa, mkono juu tena (siku hizo mkono wangu ulishazoea), kwamba mimi ni mimi, na hao wengine wawili ni mimi pia. Wakili akapiga muhuri, akataja bei. Nimekuwa mimi maisha yangu yote bila kulipa senti.

Niliporudi ikawa zamu ya vidole. Vidole vya fundi mnavijua. Saruji haibakishi kitu. Naweka, mashine yakataa. "Kandamiza." Nakandamiza, yakataa. "Pangusa." Napangusa. Foleni nzima ikaingia kwenye vidole vyangu: huyu anatoa mafuta ya kupaka, yule asema mate, bibi mmoja asema nisugue kichwani, kuna mafuta ya asili. Madam akanitazama kwa huruma: "Mzee, mashine yasema huna alama." Nikamwambia, mwanangu, alama zangu ziko ukutani. Kuanzia Mtongwe mpaka Shelly Beach kuna nyumba za watu nimezipiga lipu kwa mikono hii. Ipelekeni mashine huko ikasome. Mwisho kidole gumba cha kushoto kikakubali, na vingine vikamfuata kwa unyonge. Hicho ndicho nisichoshikia mwiko.

Baadaye ikawa ni kusubiri. Kusubiri hakuna hadithi, isipokuwa kwamba kila ujumbe ulioingia kwenye simu nilidhani ndio, na kila ujumbe ulikuwa wa kunipa mkopo. Harusi ikafika, ikapita. Nikaletewa video. Kwenye kiti cha mjomba amekaa binamu yangu wa Horohoro, mtu tuliyesoma naye chuo, akashindwa hata juzuu ya kwanza. Amevaa joho. Joho la kuazima, nalijua. Ananyoosha mkono kupokea heshima zangu moja baada ya nyingine, na kamera haimwachi.

Basi wiki iyo hiyo pasipoti ikatoka. Sikatai, ni kitabu kizuri. Kibuluu, juu kimeandikwa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa Kiingereza, ndani kuna ile chipu waliyoanza kuitia tangu 2017, na kina uhai wa miaka kumi. Picha ni ile yangu ya rangi mbili, ila safari hii wamenipiga wenyewe, kwa hiyo lawama si ya shuka. Mtongwe nzima imekuja kukishika. Mwalimu amekifungua, amelitafuta jina, amelikuta Hamisi, akakirudisha bila kusema neno. Muuza duka ameuliza kama naweza kukiweka dukani kwake mpaka daftari lilipwe. Mama amekinusa.

Mpwa wangu kashapiga simu, inshallah kuna mtoto njiani, na safari hii asema hataki mjomba mwingine. Nikaingia chumbani nikitazame kitabu changu, nianze kupanga. Hakipo sandukuni. Hakipo chini ya godoro. Nikamwuliza mke wangu. Yuko jikoni akuna nazi, hata hakugeuka.

"Kiko mahali pazuri."

"Wapi?"

"Kwani hiyo Tanga waenda peke yako?" Akaendelea kukuna nazi, taratibu. "Lete elfu saba na mia tano, nami nikapige picha. Na ile hamsini usiisahau."