Safari ya Kiwayu ianze na mwezi mwandamo

Kila kiangazi, kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, ikishashika, mashua za Lamu hujaa watu wanaotaka kuzunguka Manda na Pate au kwenda kulala Kiwayu, kisiwa kilicho mbele ya Pate, kaskazini-mashariki. Na kila kiangazi safari hizi hupangwa kwa saa ya chai: watu wanywe chai, wafike gatini saa tatu, tanga litwekwe saa nne. Mpango huo ndio unaoharibu safari nyingi, wala si upepo.

Mkanda, njia ya ndani kati ya Manda na bara, ndio unaokuepusha na mawimbi ya nje. Lakini ni mwembamba na kina chake ni kidogo. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Lamu hupanda na kushuka karibu mita 3, na hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na alasiri. Maana yake saa nne asubuhi yamekupwa kabisa, pamebaki tope na mizizi ya mikoko. Mashua iliyokwama maji yakiwa yanatoka hainasuki kwa upondo, mti wa kusukumia chombo, wala kwa mashine, maana rafadha, panga la mashine, huchimba tope tu. Hungoja maji yarudi, na abiria wanakaa juani kwa muda wa saa 5 au 6. Maji mafu, ya siku za nusu mwezi, nayo hujaa karibu na saa nne, saa inayowapendeza wageni, ila tofauti ya kujaa na kupwa ni kama mita 1 tu. Mashua yenye watu kumi na mizigo huenda ikagusa chini hata maji yakiwa yamejaa.

Kwa maoni yangu siku bora ni tarehe 3 au 4, na 17 au 18, za mwezi mwandamo. Bamvua bado lina nguvu, na maji yamesogea hadi kujaa saa kumi na mbili asubuhi au baadaye kidogo. Unapita Mkanda kweupe, kabla kaskazi haijapanda.

Hilo la kaskazi ni kubwa, kwa kuwa kwenda Kiwayu ni kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo kwa kugeuza chombo upande huu na huu. Kila bisho, chombo hupewa upepo wa tezi, yaani wa nyuma, demani, kamba ya kuongozea tanga, ikalegezwa, foromali, boriti inayobeba tanga, ikasimamishwa karibu wima na kupitishwa mbele ya mlingoti, kisha tanga likavutwa upande wa pili. Upepo ukiwa mkali na mabaharia wawili tu, tanga hukumbatia mlingoti na chombo hulala ubavu. Mabaharia wawe watatu, mbali na nahodha. Farumi, uzito wa kutuliza chombo, pia: mifuko ya mchanga ikiachwa bila kushikwa huporomokea upande wa demani, ule chombo kinakoinamia, wakati ule ule inapohitajika upande wa joshi, unakotoka upepo. Kila mfuko uwe na mtu wake wa kuuhamisha.

Kabla ya kulipa, nenda ukaitazame mashua. Iliyokaa ufukoni wiki nzima kwenye jua hili mbao zake zimenywea na pamba ya kalafati, iliyozibia nafasi za mbao, imelegea. Itavuja mpaka mbao zivimbe. Iwekwe majini siku moja au mbili kabla ya safari, kisha uangalie ngama, sehemu ya chini ndani ya chombo maji yanakokusanyika, asubuhi. Maji ya kufua kwa kopo mara chache hayatishi. Yakiwa yamefika kwenye mataruma, mbavu za chombo, tafuta mashua nyingine. Shika henza, kamba ya kupandishia foromali, pale inapopita kwenye gofia, kapi lake: ikiwa nyuzi zimesimama kama manyoya, au kamba imekuwa nyembamba hapo kuliko kwingine, idai mpya, maana ikikatika foromali huwaangukia watu. Majaketi ya kuokolea yahesabiwe, na ya watoto yawe ya watoto. Hapa mtu asione haya, hata nahodha akiwa mzee wa heshima.

Maji ya kunywa na kupikia chukueni lita 5 kwa kila mtu kwa siku, mtoke nayo Amu, yaani Lamu. Msitegemee visima vya njiani.

Kiwayu tieni nanga upande wa ndani, unaotazama bara, na kamba iwe mara 5 ya kina cha maji yaliyojaa. Mkipima wakati wa kupwa, ongezeni zile mita 3 kwanza ndipo mzidishe. Wasiofanya hivyo huamka usiku nanga imeng'oka na chombo kinaburutwa kuelekea mikokoni.